Nani Ambebee Nanzia Msalaba?

Sogeeni hapa mbele, na wenye vicheko waviweke mfukoni kwanza. Leo sina sungura wala fisi. Nina mzigo mmoja na mabega matatu, na mkishindwa kuupanga mzigo huo msije kuniuliza mimi, maana mimi mwenyewe umenishinda.

Palikuwa na watu watatu katika jiji moja, na hakuna aliyemjua mwenzake.

Wa kwanza ni Bibi Semeni, mfagiaji wa Bustani ya Mivinje. Kipaji chake kilikuwa macho. Pini ikianguka kwenye majani makavu, yeye aliiona akiwa amesimama wima na ufagio wake, wala hakuinama mara mbili. Mabibi harusi waliokuja kupiga picha pale bustanini, hereni ikidondoka, walikuwa wakisema, “Muiteni Bibi.”

Wa pili ni Mwalimu Anyosisye, anafundisha darasa la kwanza. Kipaji chake kilikuwa kufumbua mafumbo. Ukimpa kitendawili wakati wa chai, kabla kikombe hakijapoa ameshakupa jibu na kukuuliza kingine. Alilelewa na masista wa misheni tangu akiwa mchanga, na kwenye fomu zote za maisha yake, pale palipoandikwa ndugu wa karibu, alipiga mstari.

Wa tatu ni Mhoja, mchimba visima. Kipaji chake kilikuwa kushuka. Mahali ambapo mimi na wewe tungechungulia tukarudi nyuma tukisoma dua, yeye aliuliza kamba iko wapi. Mke wake alikuwa akimwambia, “Wewe utazikwa ukiwa umeshajizika.” Naye anacheka tu.

Hao ndio watatu wangu. Lakini hadithi ni ya mama mmoja, Namsifu, mjane, mchora ramani mstaafu, aliyekuwa na mtoto mmoja tu duniani.

Mtoto huyo aliitwa Nanzia, miaka ishirini, akisomea uuguzi. Jumapili moja baada ya ibada alimwambia mama yake, “Mama, naenda bustanini kujisomea, nyumbani kuna joto.” Akachukua daftari na chupa ya maji. Mlinzi wa getini alimwona akiingia. Akitoka, hakuna aliyemwona.

Polisi walileta mbwa siku mbili. Siku ya tatu askari mmoja, kwa upole kabisa, akamwambia Namsifu, “Mama, wasichana wa umri huu huwa wana siri. Huenda kafuata mtu.” Namsifu akamjibu, “Angefuata mtu angebeba nguo ya ndani.” Askari akainamisha kichwa, lakini mbwa hawakurudi.

Sasa, Bustani ya Mivinje si bustani ya maua na bembea peke yake. Ukiupita mnara wa saa kuna bonde, kuna magugu yanayokufika kifuani, kuna vichaka ambavyo hata wafagiaji walikuwa hawavigusi. Namsifu alivizunguka peke yake miezi mitatu, mpaka magoti yakakataa. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, lakini uchungu hauongezi macho. Alikuwa nayo mawili tu, tena ya kuvaa miwani.

Ndipo akaukumbuka mchezo wa makasha. Mnaujua? Mtu anaficha kasha dogo mahali, anatoa fumbo na namba za ramani, na vijana wenye simu wanakuja kulisaka. Wakilipata wanaandika jina kwenye daftari lililomo ndani, wanachukua kakitu, wanaacha kakitu, wanalirudisha. Hakuna tuzo, ni raha tu ya kutafuta. Namsifu akawaza, nikipata macho mia nne yanayotembea yameinama, je?

Akachora ramani ya bustani nzima kama alivyokuwa akichora kazini. Akaficha makasha kumi na mawili. Mafumbo aliyatunga mwenyewe, na kila fumbo lilimpitisha mchezaji mahali ambapo mtu hapiti kwa hiari yake. Saa ya mnara ilikuwa imekufa zamani, lakini uso wake ulionekana kutoka kila upande wa uwanja, akaufanya dira: simama uitazame saa, kisha fuata namba. “Fuata sita” maana yake rudi nyuma. “Fuata tatu” maana yake kulia. Na akaongeza sharti moja ambalo wachezaji waliliona la ajabu: ukiacha kitu kwenye kasha, andika umekitoa wapi.

Yeye alijua kwa nini. Hakumwambia mtu. Mchungaji wake pekee ndiye aliyejua, akamwuliza, “Kwa nini usiwaambie tu wakusaidie?” Akasema, “Mchungaji, nani atakuja kucheza kaburini?”

Basi watu wakaja. Walikuja wapenzi, walikuja wanafunzi wa chuo, zikaja familia na mahotipoti yao. Mchezo ukapata sifa mjini. Na Namsifu kila Jumamosi alikaa kwenye benchi chini ya mnara, ameshika kitambaa, akiwatazama watoto wa watu wakifukunyua vichaka kwa furaha, na moyoni akiomba mmoja wao apige yowe. Alijichukia kwa ombi hilo. Aliliomba hata hivyo, Jumamosi zaidi ya mia.

Miezi minne baada ya Nanzia kupotea, mvua kubwa ilipita ikasomba takataka. Bibi Semeni, akifagia pembezoni asubuhi, akaona kitu kwenye tope. Bangili ya shanga nyeupe, na katikati shanga moja ya kijani. Akaipangusa kwa kanga. Bibi hakuwa na simu, lakini makasha aliyajua yote, nani angemficha kitu bustanini mle? Alikuwa akiyafungua akiwa peke yake, anachukua kitana, anaacha kifungo, anaandika kwa mwandiko wa elimu ya watu wazima, na kwa kuwa wachezaji wengine walijiita majina ya mzaha, yeye alichora ufagio. Siku ile akaenda kwenye kasha la saba, ndani ya tundu la mkuyu. Akatii sharti. Akaandika:

“Nimechukua kioo. Nimeacha bangili nzuri. Nimeitoa saa tatu ya mnara, hatua mia mbili, palipo na bati.”

Wiki ile ile nyuki wakahamia kwenye mkuyu. Kasha la saba likafungwa na asali na miiba. Na kabla mwaka haujaisha, kampuni ya usafi ikabadilishwa, wafagiaji wazee wakaambiwa wapumzike. Bibi Semeni akaenda kuishi kwa binti yake, wilaya nyingine.

Nyuki walikaa miaka miwili. Walipohama, Namsifu akapanda ngazi mwenyewe, akalitoa kasha, akalifungua akiwa bado juu. Waliokuwepo wanasema hakulia. Alishuka ngazi moja moja, akakaa kwenye majani, akaivaa ile bangili, ikamgomea kwenye kifundo kwa udogo. Ile shanga ya kijani aliijua. Nyeupe ziliisha siku Nanzia anaitunga, akasema, “Mama, nitaweka hii, nani atatazama?”

Kesho yake akawaita wachezaji wote chini ya mnara. Walikuja kama sabini. Akawaambia ukweli, wote, bila kupamba. Kisha dada mmoja, aliyekuwa amefanyia sikukuu yake ya kuzaliwa pale kwenye majani, akasema, “Kwa hiyo mama, muda wote huu umetuchezesha?”

“Ndiyo, mwanangu,” Namsifu akasema. “Nimewachezesha. Nisameheni, na mnisaidie.”

Tena akaweka nadhiri, na nadhiri hiyo ndiyo iliyotuleta hapa tulipo. Kwao, jeneza likitoka nyumbani hutanguliwa na msalaba wenye jina la marehemu, na anayeubeba ni mtoto wake. Asiye na mtoto hubebewa na mdogo wake. Nanzia hakuwa na mtoto wala mdogo. Na kubeba si kwa siku ile tu. Aliyebeba anahesabiwa mtoto wa nyumba ile: ataitwa kwenye kila kikao, atakula mezani kila Krismasi, na siku mama naye akiondoka, ni yeye atakayemfumba macho. Anabeba mmoja. Mama mzazi habebi. Kwao ni mwiko mzazi kumtangulia mwanawe kaburini.

Namsifu akasema, “Atakayemwona mwanangu, awe hai awe mfupa, huyo ndiye atakayembebea msalaba. Huyo ni mwanangu.”

Atakayemwona. Lishikeni neno hilo, maana watu wameligombania kuliko mnavyofikiri.

Mwalimu Anyosisye alikuwa miongoni mwa wale sabini. Akaichukua karatasi ya kasha la saba, akaisoma mara moja. “Saa tatu ya mnara. Namba tatu, kulia, hatua mia mbili.” Nani angembishia? Ndiyo dira ya mchezo, kila mtu aliizoea. Wakaingia kulia. Walifyeka, walichimba, walipindua kila bati la kila kibanda kilichowahi kuwepo upande ule. Huyo Ufagio ni nani? Walitangaza, hakujitokeza. Wiki sita zikapita. Sabini wakawa thelathini, thelathini wakawa tisa. Namsifu aliwapikia uji kila siku, na kila siku sufuria lilirudi zito zaidi.

Jumanne moja mwalimu yuko darasani, amechora saa ubaoni, anafundisha watoto kusoma saa. Akauliza, kama anavyouliza kila mwaka, “Saa tatu asubuhi, mkono mfupi uko wapi?”

Darasa zima kwa mpigo: “Kwenye tisa, mwalimu!”

“Vizu...” akaanza kusema, akanyamaza. Akautazama ule ubao. Hivi jamani, mtu wa mwandiko ule, akisema saa tatu anamaanisha namba iliyoandikwa pale, au mahali mkono unapolala saa tatu ikifika? Sisi sote tunaitazama tisa tunasema tatu, tangu utotoni, wala hatujiulizi. Namsifu katika mchezo wake alihesabu namba. Mwandishi wa ile karatasi alisoma saa. Mwalimu akaliacha darasa limekaa, akakimbia hadi bustanini na chaki mkononi.

“Kushoto, mama!” alisema akihema. “Ni kushoto! Nimewapoteza mimi!”

Wakaingia kushoto, wakahesabu hatua mia mbili. Chini ya magugu palikuwa na bati lenye kutu, limefukiwa nusu, na chini ya bati mdomo wa tangi la maji la zamani, la enzi bustani ilipokuwa kitalu cha miche. Wakamulika. Ndani kabisa, kando ya maji meusi, walikiona kipande cha kitambaa cha maua. Namsifu akakitazama, akasema, “Ni sketi yake,” kisha akakaa chini.

Zimamoto walikuja, wakaangalia kuta, wakatikisa vichwa. Mawe yamelegea. Inatakiwa mashine ya kuegemeza kuta, itapatikana kesho. Mawingu nayo yalikuwa yameshafunga upande wa mlimani, na kila mtu aliona kuwa tangi lile ndipo maji ya bonde zima yanapokimbilia, na kuta zile hazingestahimili mvua nyingine.

“Kesho hatakuwepo,” Namsifu akasema. Hakumwambia mtu. Alisema tu.

Mhoja alikuwa mmoja wa wale tisa. Akavua viatu. Mkuu wa zimamoto akamshika bega, “Kaka, nimekataza.” Mhoja akasema, “Nimekusikia, mkubwa,” akajifunga kamba. Alishuka mara ya kwanza na shuka. Akashuka mara ya pili na ndoo. Juu wakamwambia inatosha. Akauliza, “Mtu mzima ana mikono mingapi? Nina mmoja tu humu.” Akashuka mara ya tatu. Walipokuwa wanamvuta, jiwe likang'oka, likambana kiganja cha kulia ukutani. Alipofika juu alikuwa na Nanzia mzima ndani ya shuka. Mkono wake madaktari waliukata usiku ule, juu ya kifundo. Na mvua ikanyesha, ikalijaza tangi mpaka mdomoni.

Vipimo vilithibitisha. Hakuna aliyemsukuma, aliingia magugu kutafuta kivuli, bati likamtupa. Mguu ulivunjika kwa kuanguka. Daktari alitaka kumweleza Namsifu jambo moja zaidi, kuhusu siku alizoishi mle chini. Namsifu akanyanyua mkono akamzuia, akasema, “Hilo niachie Mungu,” na mpaka leo hajauliza.

Habari zikatangazwa redioni. Huko wilayani Bibi Semeni alikuwa anachambua mchele. Akasikia bangili, akasikia ufagio. Akapanda basi la kwanza la asubuhi.

Alifika msibani amevaa kanga iliyonyooshwa, akaingia moja kwa moja alipokaa Namsifu, akapiga magoti. “Ni mimi, mwanangu. Ufagio ni mimi. Niliishika, nikaipangusa, nikasema imedondoka ya mtu.”

Namsifu akamshika mikono asiinuke wala asilale. “Kwa nini hukuuliza, Bibi?”

“Ningeuliza nani? Picha ya mtoto ilibandikwa getini wiki moja, ikatolewa. Nami nilikuonaje wewe? Kila Jumamosi nilikuona kwenye benchi, nikakusalimia, ukaniitikia. Nikajua huyu ni mama anayependa vijana. Ungeniambia tu. Siku ile ile ningekuletea mkononi.”

Wanawake waliokaa mkekani wakatazama chini. Mmoja, mdomo hauna breki, akanong'ona, “Mficha maradhi, kifo humuumbua.” Namsifu alimsikia. Alisikia pia hesabu ya Jumamosi zote alizoitikia “salama, mama, na wewe” kwa yule yule aliyekuwa na jibu. Ndipo akalia, kwa mara ya kwanza tangu bangili ionekane, akalia kifudifudi mapajani mwa Bibi Semeni, na Bibi naye akilia juu ya mgongo wake. Watu hawakuwatenganisha.

Ikaja siku ya maziko. Msalaba umepakwa rangi nyeupe, jina limeandikwa kwa rangi nyeusi. Mchungaji akauliza, “Nani anambebea marehemu?”

Mhoja akasimama, mkono wa kulia umefungwa bandeji, mke wake nyuma yake. “Mama ulisema atakayemwona. Mimi ndiye niliyemwona kwa macho haya. Wengine waliona maandishi, waliona shanga. Mimi nilimwona yeye, nikambeba kifuani mara tatu. Kazi yangu ilikuwa mikono miwili na sasa sina kazi. Sidai kitu. Lakini msalaba huu unabebeka kwa mkono mmoja.”

Watu wakasema, “Kweli kabisa.”

Mwalimu Anyosisye akasimama. “Kaka Mhoja, nakuheshimu. Lakini ungeshuka shimo lipi? Bati lile lilikuwa hatua mia nne kutoka tulipokuwa tunachimba, na mvua ilikuwa inakuja jioni ile ile. Mimi nilimwona kabla ya macho yako, pale ubaoni. Nilikosea wiki sita, sikatai. Lakini kosa lile lilikuwa la kila mtu, na kulitambua nilikuwa peke yangu.” Akamgeukia Namsifu. “Na mama, wewe ulisema, huyo ni mwanangu. Mimi sijawahi kuambiwa neno hilo.”

Watu wakasema, “Naye ana haki.”

Bibi Semeni hakusimama, miguu haikumruhusu. Alisema akiwa pale mkekani. “Mimi nilimwona wa kwanza. Nilimwona nikamwita taka. Asingeonekana bila mimi, na bila mimi asingelala kule miaka miwili zaidi. Nina wajukuu, nina kwangu, sihitaji meza ya mtu. Nataka nimtangulie njiani nikimwomba radhi, hatua kwa hatua, mpaka afike. Mkininyima hilo nitakufa nalo.”

Hapo watu wakajifuta macho.

Mwenye busara mmoja akapendekeza waubebe watatu kwa zamu. Wazee wa ukoo wakakataa. Nyumba ile ilipoteza mtoto mmoja, inapokea mtoto mmoja. Mwingine akasema mama mwenyewe avunje mwiko, abebe. Namsifu akasema, “Mimi? Mimi nilikaa kimya miaka miwili. Msinipe mimi.”

Vijana wameshainua jeneza. Ni jepesi mno, na wepesi huo unawaliza. Namsifu amesimama mlangoni na msalaba mikononi, macho yamevimba, anatazama nyuso tatu: mwenye kiganja kilichokatwa, asiye na mama, na asiyeweza kujisamehe. Kwaya imeshaanza ubeti wa pili. Nadhiri aliitamka mwenyewe, kwa kinywa chake, mbele ya watu sabini, na mmoja tu ndiye atakayetoka pale akiwa mwanawe.

Haya, nyinyi mliokaa hapa, wakubwa kwa wadogo. Msinitazame mimi. Mama anasubiri na jeneza liko mabegani. Je, ungekuwa wewe, ungemkabidhi nani?